Kelele za ekzosi ya pikipiki: tafuta chanzo kabla ya kuziba

Watu wanaoniletea pikipiki zenye kelele huja karibu wote na ombi moja: "Fundi, nizibie hii ekzosi." Ni ombi linaloeleweka, hasa kwa mtu anayeishi Mji Mkongwe au katika mitaa ya Ng'ambo iliyobanana, ambako sauti ya injini hugonga ukuta wa upande huu, ikarudi kwenye ukuta wa pili, na ikaingia dirishani kwa mgonjwa au mtoto mchanga kabla haijafifia. Hata hivyo, kuziba ndilo jambo la mwisho la kufikiria. Katika pikipiki nyingi nilizozifungua, kelele ilitokana na kitu kilichoharibika, kilicholegea au kilichong'olewa kwa makusudi, na kitu hicho kiliporudishwa mahali pake sauti ilishuka bila ya kuongezwa chochote. Kwa sababu hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata dalili, nikianza kila mara na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi ulio rahisi, kisha nikielekea kwenye kazi nzito, na nikionyesha pale ambapo mwenye pikipiki anapaswa kuweka spana chini.

Nitatumia maneno mawili kwa sehemu mbili kubwa za ekzosi. Bomba jembamba linalotoka kwenye injini nitaliita shingo, na sehemu nene ya nyuma nitaiita tumbo. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja huwaka mara moja katika kila mizunguko 2, hivyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huwa inawaka mara 50 katika kila sekunde, na kila mlipuko husukuma wimbi la shinikizo ndani ya shingo. Tumbo ndilo linalolituliza wimbi hilo. Baadhi ya matumbo yana vyumba na vizuizi ambamo mawimbi hugongana na kupunguzana nguvu; mengine yana bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya nyuzi za kioo, ambayo hunyonya sauti na kuigeuza kuwa joto. Kazi hiyo yote haina faida ikiwa moshi umepata njia ya mkato ya kutokea nje kabla ya kufika tumboni au kabla ya kulipita lote.

Hadhari zinazotangulia kazi yoyote

Iache pikipiki ipoe kwa muda usiopungua saa moja, kwa kuwa shingo hufikia joto la mamia ya nyuzi na kovu la ekzosi kwenye muundi analijua kila dereva wa bodaboda. Fanya kazi uwanjani, si ndani ya chumba, ukumbini wala kwenye kibanda kilichofungwa, kwa sababu moshi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa hajui kama anavuta sumu. Ukiumwa na kichwa, ukahisi kizunguzungu au kichefuchefu wakati injini inawaka, izime na uondoke mahali hapo mara moja. Kama kuna harufu ya petroli au unyevu chini ya kabureta, shughulikia uvujaji huo kwanza. Habari ya ekzosi itasubiri.

Dalili ya kwanza: sauti kali ya "chaf-chaf" imezuka ghafla

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote. Pikipiki ilikuwa na sauti ya kawaida jana, na leo inapowashwa asubuhi hutoa mlio mkavu, wa haraka, unaosikika zaidi upande wa mbele kuliko nyuma. Baada ya dakika chache sauti hupungua kidogo, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kuziba mwanya, na mwenyewe hudhani tatizo limekwisha.

Sababu ya kawaida ni gasketi ya pete iliyopo pale shingo inapoingia kwenye kichwa cha silinda. Pete hiyo hutengenezwa kwa metali laini ili ibonyee na kujaza nafasi, na ikishabonyea mara moja haifai kutumiwa tena. Mara nyingi fundi wa mwisho aliivua ekzosi kwa kazi nyingine, akairudisha na pete ile ile ya zamani. Sababu ya pili ni nati zilizolegea kwa mtikisiko. Ya tatu ni klampu inayounganisha shingo na tumbo, ikiwa pikipiki yako ina kiungo hicho. Ya nne ni ufa au tundu la kutu katika shingo yenyewe, mara nyingi chini kwenye kona, mahali panaporushiwa maji na tairi la mbele.

Ukaguzi hauhitaji chombo chochote cha fundi. Pikipiki ikiwa baridi, tazama kila kiungo ukitafuta alama nyeusi za masizi zilizotawanyika kama unyoya. Moshi unaopenya huacha alama hiyo mara nyingi. Kama huoni kitu, changanya maji na sabuni ya unga, yapake kwa brashi kwenye viungo vyote, kisha washa injini na uangalie povu katika nusu dakika ya mwanzo kabla joto halijakausha maji. Pale povu linapofura na kupasuka ndipo penye mwanya. Ikiwa bado una shaka, mwombe mwenzako avae glavu nene, asimame pembeni, na abane mdomo wa nyuma kwa tambara zito lililoloa kwa sekunde 2 au 3 tu; uvujaji uliojificha utapiga mluzi.

Kubadilisha pete ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe, lakini mpangilio wa kukaza ndio unaotenganisha kazi inayodumu na kazi ya wiki moja. Legeza kwanza boliti zinazoshikilia tumbo kwenye fremu, kisha fungua nati za kichwani, ambazo katika pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hufunguliwa kwa spana namba 10. Kwangua mabaki ya pete ya zamani, kwa maana mara nyingi imeganda ndani na mtu huiwekea mpya juu yake bila ya kujua. Weka pete mpya, rudisha nati zote mbili kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, ili shingo ikae wima. Boliti za tumbo zikazwe mwisho. Anayeanza na boliti za tumbo huilazimisha shingo kukaa upande, na pete hubonyea sehemu moja ikaacha mwanya sehemu ya pili. Nati hizi ni ndogo na hazihitaji nguvu za bega. Nguvu ya kiganja kwenye spana fupi inatosha.

Hapa visiwani adui mkubwa wa kazi hii ni chumvi. Pikipiki inayolala Nungwi, Jambiani au Mkoani karibu na maji hupata kutu kwenye stadi za kichwani, yaani vyuma vyenye uzi vilivyochomekwa kwenye kichwa cha silinda na kufungiwa nati, mpaka nati na stadi zinakuwa kitu kimoja. Usilazimishe. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia usiku, na ujaribu asubuhi, ukikaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza. Ukihisi stadi inajisokota kwa ulaini usio wa kawaida, acha hapo hapo. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na stadi iliyokatikia ndani hutaka fundi mwenye mashine ya kuitoa ikiwa imenyooka. Nimeona vichwa vizima vikitupwa kwa sababu mtu alitoboa kwa drili ya mkononi akaharibu njia ya uzi.

Tundu dogo kwenye shingo linaweza kufunikwa kwa muda kwa kipande cha kopo la maziwa kilichozungushwa na kubanwa kwa klampu mbili, ili ufike kazini na urudi. Gundi ya kawaida ya chuma haifai, kwani huungua na kuacha harufu kali. Tiba yake ni kuchomelewa, na nitaeleza hapa chini kwa nini si kila bati linafaa kwa kazi hiyo.

Dalili ya pili: sauti imekuwa nene na tupu, siku hadi siku

Hapa hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema kelele ilianza. Sauti hunenepa pole pole, ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa, mpaka jirani anaposema ndipo mwenyewe anapotambua.

Sababu inayoongoza ni kutu inayokula kutoka ndani. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji katika moshi. Safari ikiwa ndefu, tumbo hupata moto na maji hutoka yakiwa mvuke. Safari ikiwa ya kutoka Michenzani hadi Darajani na kurudi, tumbo halijapata moto wa kutosha, na maji hubaki chini yakichanganyika na asidi za moshi. Waliotengeneza pikipiki walilijua hili, ndiyo maana ekzosi nyingi zina tundu dogo sana sehemu ya chini ya tumbo, lenye upana wa milimita chache, kwa ajili ya kuyatoa maji hayo.

Kijana mmoja kutoka Wete aliniletea pikipiki ambayo haikuwa na umri mkubwa, lakini sauti yake ilisikika kama ya trekta. Nilipoilaza ekzosi kwenye beseni na kuiinamisha, ilimwaga maji ya rangi ya chai iliyokolea, yakifuatiwa na vipande vya kutu vyembamba kama magamba ya kitunguu. Tundu la chini lilikuwa limezibwa kwa skrubu na kupakwa gundi. Alinieleza kwamba aliona moshi kidogo ukitokea hapo, akadhani ni ufa, akaufunga ili kupunguza kelele. Masika moja tu ilitosha kuoza vizuizi vyote vya ndani. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linarudiwa sana: tundu hilo si kasoro, na anayeliziba anajitengenezea kelele ya mwaka ujao. Lizibue kwa waya mwembamba kila baada ya miezi michache.

Sababu ya pili ni vizuizi vilivyovunjwa kwa nondo. Wapo wanaonunua pikipiki iliyokwisha kutumika bila ya kujua kwamba mwenye kwanza aliitoboa ndani ili ingurume. Mulika tochi kwenye mdomo wa nyuma: katika ekzosi ya kiwandani yenye vyumba huwezi kuona mbali, na ukiona nafasi tupu hadi mwisho, au kingo za chuma zilizochanika, umepata jibu. Sababu ya tatu, kwa ekzosi zenye pamba, ni pamba iliyoungua na kupeperuka. Gonga tumbo kwa mpini wa bisibisi: lenye pamba nzima hutoa sauti butu, na lililobaki tupu huita kama debe.

Tumbo lililooza chini tu linaweza kukatwa na kuchomelewa kipande kipya. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji, lakini wewe ndiye wa kuhakikisha mambo matatu. Ekzosi ivuliwe kabisa kutoka kwenye pikipiki, kwa sababu cheche karibu na tangi la petroli ni hatari ya moto, na umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza vifaa vya umeme vya pikipiki. Oili na masizi ya ndani yasafishwe kwanza. Na kipande kisitoke kwenye bati la kuezekea, ingawa ndilo linalopatikana kila uwanja, kwa kuwa limepakwa zinki, na moshi wa zinki inayoungua humpa mchomeleaji homa na maumivu ya kifua usiku ule ule. Chuma cheusi kisichopakwa kitu, chenye unene unaokaribiana na wa tumbo, ndicho kinachofaa. Kama vizuizi vya ndani vimekwisha, usipoteze fedha kwa viraka. Tafuta tumbo zima linalolingana na aina ya pikipiki yako.

Dalili ya tatu: ekzosi inapasua kama bunduki unapoachia mafuta

Sababu ya kwanza iko mkononi mwa dereva. Barabara za Pemba zina vilima vingi, na wapo wanaozima swichi wakishuka ili kuokoa petroli, huku gia ikiwa imeingia. Injini yenye kabureta huendelea kuzungushwa na tairi, hivyo huvuta petroli na kuipitisha hadi kwenye ekzosi bila ya kuungua. Swichi inapowashwa tena, petroli hiyo yote hulipuka tumboni. Vijana wengine hufanya hivyo kwa makusudi mitaani. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kufumua mshono wa tumbo, na dalili ya pili ikaanza hapo. Kuzima injini mteremkoni ni jambo la kuachwa kabisa.

Kama swichi haiguswi na bado inapasua, rudi kwenye dalili ya kwanza, kwa sababu mwanya mdogo shingoni huvuta hewa wakati mafuta yameachiwa, na hewa hiyo huwasha mabaki ya petroli. Baada ya hapo kagua bomba dogo la mpira ambalo baadhi ya pikipiki zinalo la kupeleka hewa safi kwenye njia ya moshi. Mpira ukipasuka au vali yake ikichoka, mipasuo huanza. Kisha fungua plagi uitazame: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe iliyokauka huonyesha kwamba hewa imezidi petroli, na nyeusi yenye masizi huonyesha kinyume chake. Nyeupe mara nyingi humaanisha njia ndogo ya kabureta imeziba kwa uchafu, au kwamba ekzosi imefunguliwa kupita kiasi bila ya kabureta kurekebishwa. Kusafisha kabureta kunawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira. Kupima nafasi ya vali na wakati wa cheche ni kazi ya fundi, na pikipiki inayopasua huku ikiwa ngumu kuwaka inafaa ipelekwe moja kwa moja.

Dalili ya nne: inagongagonga kama kopo lenye kokoto

Anza na bati la kukinga joto lililo juu ya ekzosi, kwani skrubu zake hulegea mno. Libane kwa mkono pikipiki ikiwa baridi na utikise. Likiwa salama, vua tumbo na ulitingishe: kinachocheza ndani ni kizuizi kilichokatika au, kwa pikipiki zenye kisafisha moshi, vipande vya sega lake, yaani kiini chake chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki. Kizuizi kilichokatika hakishikizwi kutoka nje, na sega lililovunjika linaweza kuziba njia ya moshi, kwa hiyo usiendelee kuendesha ukitegemea kwamba litatulia.

Dalili ya tano: ekzosi ya kubadilishia ina kelele tangu siku ya kwanza

Hapa ndipo marekebisho ya nyumbani yana nafasi yake. Ekzosi fupi za kubadilishia mara nyingi ni bomba lenye matundu, pamba kidogo, na mdomo mpana. Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu aliyebakiwa na ekzosi ya kiwandani ni kuirudisha, kwa sababu hakuna kazi ya mikono itakayoifikia kwa utulivu. Asiyekuwa nayo ana njia mbili, na nafuu kubwa hupatikana zikienda pamoja.

Njia ya kwanza ni kubadilisha pamba. Ribiti za mfuniko wa nyuma hutobolewa kwa drili, mfuniko huvutwa, na bomba lenye matundu huonekana. Sugua matundu kwa brashi ya waya mpaka yawe wazi, kisha zungushia pamba ya nyuzi za kioo iliyotengenezwa kwa ajili ya ekzosi, ukiibana kiasi cha kujaza nafasi bila ya kuishindilia, kwani iliyoshindiliwa hainyonyi sauti. Vaa glavu, miwani na barakoa, kwa sababu nyuzi hizo huwasha ngozi na haifai kuzivuta puani. Kitu chochote cha mimea hakina nafasi hapa. Nimetoa makumbi ya nazi, sufi ya mito na vitambaa vya gunia ndani ya ekzosi, vyote vimegeuka mkaa, na katika pikipiki moja vilikuwa bado vinafuka moshi chini ya kiti kilichoanza kuyeyuka. Nyuzi za kusugulia masufuria nazo hulika kwa joto, zikatoka mdomoni vipande vipande zikiwa za moto.

Njia ya pili ni kuweka kipunguza sauti kwenye mdomo, yaani bomba dogo lenye matundu linaloingia ndani ya lile kubwa na kushikwa kwa boliti. Jambo linalowashinda wengi ni ukubwa. Njia ya moshi hupimwa kwa eneo lake, wala si kwa upana peke yake. Mdomo wenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 una eneo la milimita za mraba 314. Ukiupunguza hadi milimita 14, eneo hushuka hadi 154, yaani umekata nusu ya njia huku macho yakikuambia umepunguza kidogo tu. Kwa hiyo pima kwanza mdomo wa ekzosi ya kiwandani ya pikipiki kama yako, na usishuke chini ya kipimo hicho.

Ikiwa kipunguza sauti kimezibwa kwenye ncha yake ya ndani ili moshi upite kwenye matundu ya ubavuni, jumla ya eneo la matundu inapaswa kuzidi eneo la mdomo. Tundu la milimita 5 lina eneo la takriban milimita za mraba 19.6, hivyo matundu 16 yanalingana na mdomo wa milimita 20, na mimi huweka 24 ili masizi yakianza kuziba baadhi yake njia isibane. Sambaza matundu kwenye urefu wote badala ya kuyakusanya sehemu moja, lainisha kingo kwa tupa, na funga boliti yenye nati ya kujibana ili mtikisiko usiifungue. Kipunguza sauti kinachochomoka barabarani huruka kwa nguvu kuelekea kwa anayefuata nyuma.

Dalili ya sita: imenyamaza, lakini haivuti au inapata moto mno

Pikipiki ambayo baada ya marekebisho inashindwa kilima, inazima ikisimama, au inanukisha chuma kilichoungua, imebanwa. Moshi usiotoka huzuia mchanganyiko mpya kuingia, joto hubaki kwenye kichwa cha silinda, na vali ya kutolea moshi ndiyo inayolipia. Ondoa ulichoongeza, safiri kilomita chache, na ulinganishe. Nguvu zikirudi, panua matundu au ongeza idadi yake. Zisiporudi, angalia kama pamba imeingia ndani ya bomba au kama kipande cha kutu kimeziba njia.

Zipo alama tatu zinazotaka injini izimwe papo hapo na pikipiki ipelekwe kwa fundi ikikokotwa: shingo inayong'aa wekundu gizani wakati injini inazunguka pole pole, mlio wa kugonga kutoka ndani ya injini, na harufu ya moshi inayomfikia dereva au abiria safari nzima. Hiyo ya tatu watu huivumilia, na ndiyo ninayoiogopea zaidi kwa wanaobeba watoto wa skuli mbele ya kiti.

Kwa wenye Vespa za mipigo miwili

Msivifuate vipimo vya hapo juu. Katika injini ya mipigo miwili, umbo na urefu wa ekzosi ni sehemu ya upumuaji wa injini yenyewe, na kuweka kizuizi mdomoni huharibu mpangilio huo. Kelele ya Vespa kongwe hutokana mara nyingi na kiungo kilicholegea au tumbo lililotoboka, na ikiwa imenyamaza kupita kawaida huku haina nguvu, imejaa masizi ya oili. Hakikisha kwanza kwamba oili haizidishwi; Vespa za PX zinazochanganyiwa tangini huhitaji asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Kupima kazi yako

Sikio la aliyefanya kazi huwa na upendeleo, kwa hiyo tumia simu. Programu za kupimia sauti hazina usahihi wa chombo cha maabara, lakini zinatosha kulinganisha kabla na baada, ikiwa simu ni ile ile, umbali ni ule ule, na injini inazungushwa kwa kasi ile ile. Pima uwanjani, mbali na kuta. Tofauti ya desibeli 10 sikio la mwanadamu huiona kama kelele imepungua nusu, na hata desibeli 3 ni hatua ya kweli. Kwa kulinganisha, kanuni za Ulaya ziliweka kikomo cha desibeli 77 kwa pikipiki za kati ya cc 80 na 175, zikipimwa zikipita kwa kuvuta mafuta umbali wa mita 7.5 kutoka kwenye kipaza sauti. Ekzosi nzima ya kiwandani ya pikipiki hizi ndogo huwa na sauti ambayo bibi aliyekaa barazani anaweza kuendelea na mazungumzo yake wakati unapita.

Mwisho wa kazi, endesha siku 2 au 3, uiache ipoe kabisa, na ukaze tena nati za shingo na boliti za tumbo, kwani pete mpya hubonyea zaidi baada ya kupata moto mara kadhaa. Rudia maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu lisipofura popote, mulika tochi chini ya tumbo na uhakikishe kwamba lile tundu dogo la maji liko wazi.